Misumari mitatu mitupu ya Mama Ghala

“Hivi Mama Ghala, bunduki tano zote hizo za nini? Kwani mnyama anakufa mara tano?”

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, mshona magodoro, miaka tisa iliyopita, sindano ndefu ikiwa katikati ya meno na sufi imemjaa kwenye nyusi. Aliuliza kwa utani. Waliokuwa kibarazani walicheka mpaka wakapigana mabega, na Mama Ghala alicheka nao, akaingia ndani kuepua sufuria yake. Hakujibu.

Wiki hii anajibu, na hacheki.

Ni saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Mwanamke mfupi, mnene wa mikono, umri wa miaka hamsini na tatu, anasimama mbele ya mlango wa chuma wa ghala la silaha la kampuni ya uwindaji. Midomo yake inacheza kidogo kwa sala ile ile fupi ambayo ameisema mlangoni hapo kwa miaka ishirini na sita: kwamba kila kilichotoka kirudi, na kila aliyetoka arudi. Kisha anafungua kufuli ya juu, halafu ya chini.

Ndani kunanukia mafuta ya mashine na mbao kavu. Kuna meza moja ndefu, fimbo za kusafishia mitutu zimepangwa kwa urefu, na vitambaa vilivyokatwa kutoka kwenye fulana kuukuu, vimekunjwa kama nguo za mtoto mchanga. Ukutani kuna misumari mitano mikubwa, kila mmoja umevikwa mpira ili usikwaruze bunduki.

Bunduki ziko mbili.

“Hebu tazama,” anasema, akionyesha kwa kidevu. “Chumba cha watu watano, wamelala wawili. Na hao wawili ni mtu na pacha wake.”

Anachukua kitambaa, anaanza kufuta. Anafuta kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Kazi hii aliirithi kwa baba yake, fundi wa kuchonga vitako vya bunduki, aliyemfundisha kwanza kupaka mbao mafuta, kisha kusikiliza komeo likifunga, na mwisho kabisa kulinganisha bunduki na mnyama. Shule aliishia darasa la saba. Mshahara wake unamfikisha wiki ya tatu ya mwezi, na wiki ya nne anajijua mwenyewe na Mungu wake. Lakini waulize wawindaji waliopita hapo miaka yote hiyo ni nani aliyekuwa akiwachagulia silaha, watakwambia ni yule mama wa ghalani.

Bunduki zake tano alizipa majina ya ukoo.

Ya kwanza ni Shangazi, inayotema marisau, vipunje vingi vya risasi, ya kupigia kanga na kwale wanaporuka. “Shangazi akisema neno, kila aliyekuwapo kapata chake,” anaeleza. Ya pili ni Binti, ya risasi namba 243, nyepesi begani, ya swala na paa. Sauti yake si kubwa, lakini anachosema anakisema mara moja.

Wa tatu ni Kaka, ya 30-06, mchapakazi wa kila siku, wa kongoni, ngiri na pundamilia. Wa nne ni Baba, ya 375, wa pofu, simba na nyati. Na wa mwisho ni Babu, ya 458, mitutu miwili iliyolala pamoja, uzito kilo tano na zaidi. Babu hakuwa wa mgeni aliyelipia kuwinda. Alibebwa na mwindaji kiongozi nyuma ya mgeni, kwa ajili ya dakika ile ambayo mambo yameharibika.

“Watu wanadhani kubwa ndiyo nzuri,” anasema. “Anakuja mgeni mwembamba kama mimi nilipoolewa, anataka Babu. Nampa alenge kopo. Bunduki inampiga bega, mara ya pili anafumba macho kabla hajafyatua. Huyo atamwua nani? Na hata angepata, mpige digidigi kwa risasi ya nyati uone. Utarudi na pembe na harufu.”

Na kinyume chake?

Mkono wake unasimama juu ya kitako.

“Kinyume chake kiko hospitali, kitanda namba kumi na nne.”

Juu ya kila msumari aliwahi kuchora kwa mkaa mnyama wa bunduki hiyo: kanga, swala, kongoni, nyati, tembo. Michoro ya mtu wa darasa la saba. Tembo ana macho kama ya binadamu, na wafuata nyayo walikuwa wakimtania kuwa amemchora mama mkwe wake. Lakini kazi yake ilikuwa moja. Mtu akiingia kabla jua halijapanda, macho yana usingizi, mkono usikosee msumari.

Palikuwa na desturi nyingine, aliyoiacha baba yake. Hakuna bunduki iliyovuka kizingiti kabla ya mchukuaji kujibu swali. Mama Ghala husimama katikati ya mlango na kuuliza, “Unamfuata nani?” Mtu humtaja mnyama kwa sauti. Kama mnyama na bunduki vimelingana, mama anapisha. Kama havijalingana, hapishi, hata awe waziri.

Kwa miaka ishirini na tano hakuna aliyebishana naye. Kisha akaja meneja mpya.

Meneja alifika mwaka jana na kompyuta ndogo kwapani na maneno mawili mdomoni. Magari ya kuwabeba wafuata nyayo yalikuwa mawili, akasema moja yatosha. Masanduku ya huduma ya kwanza yalikuwa manne, akasema moja yatosha. Choo cha wafanyakazi cha pili kilipoziba, hakikuzibuliwa, moja yatosha. Wafanyakazi hawakukawia kumbandika jina. Mpaka leo, akipita, utasikia mtu akisema chini chini, “Moja Yatosha huyo anapita,” na mwingine anajibu, “Mwache, ana mguu mmoja wa ziada.”

Ofisini kwake hajulikani kwa jina hilo, na huenda atalisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Miezi mitatu iliyopita aliingia ghalani, akatazama ukuta, akauliza swali lile lile la mshona magodoro, ila yeye hakuwa anatania. Tano za nini? Akaeleza kwa upole wa mtu aliyesoma. Kuwa na bunduki za aina moja ni urahisi: risasi aina moja, vipuri aina moja, mafunzo aina moja. Kaka ni wa wastani, na wastani unafaa kwa wote. Abaki Kaka, anunuliwe pacha wake, waliobaki wauzwe.

Mama Ghala hakupiga kelele. Alimwambia jambo ambalo mtu yeyote anayeijua kazi angelisema.

“Nilimwambia, Meneja, kama ni lazima libaki jina moja ukutani, basi abaki Baba. Baba anaweza kushuka mpaka kwa swala, nyama itaharibika kidogo lakini swala atakufa. Kaka hawezi kupanda mpaka kwa nyati. Kushuka kunawezekana, kupanda hakuwezekani.”

“Akasemaje?”

“Akasema Baba na Babu ndio wenye wanunuzi.”

Hapo ndipo mwandishi yeyote mwenye damu mwilini anapoishiwa adabu. Mtu mzima, mwenye vyeti, anaambiwa na mtu aliyeishi na silaha hizo robo karne kwamba akitaka moja achukue ile. Anaiuza ile ile. Hata ubahili una akili yake. Huu haukuwa nayo.

Wakaondoka wanne: Shangazi, Binti, Baba na Babu. Pacha wa Kaka akaja kwenye boksi, kitako cha plastiki, darubini kubwa juu. Akatundikwa kwenye msumari wa Babu, chini ya tembo mwenye macho ya binadamu.

Jumanne moja asubuhi, wiki sita zilizopita, alikuja mgeni mwenye kibali cha nyati. Kibali cha nyati kinataka bunduki nzito, na kwenye fomu meneja alikuwa ameandika namba ya Babu, bunduki ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kupata nyumba nyingine. Mgeni hakuyajua hayo. Angeyajuaje?

Mama Ghala alisimama mlangoni. Mdogo wake wa tumbo moja, mfuata nyayo anayeitwa Nyayo na kila mtu mpaka watoto wake, alikuwa amesimama kando ya gari, anasikia.

“Unamfuata nani?” mama akauliza.

“Leo yeyote atakayetokea, Mama. Fungua tusichelewe,” meneja akajibu, akijaribu mzaha.

“Kibali ni cha nyati.”

“Basi nyati.”

“Wa nyati hayupo. Umemwuza.”

“Mama, hii inaua nyati. Wapo waliowaua kwa hii hii.”

“Wapo. Na waliouawa na nyati wakiwa na hii hii, nao umewahesabu?”

Mgeni alianza kutazama saa yake. Mwindaji kiongozi alitazama buti zake. Meneja akaweka kiganja kwenye fremu ya mlango, akasema polepole kama anayeongea na mtoto: “Mama. Naomba unipishe.”

Mama Ghala anaacha kufuta. Anaweka kitambaa mezani, anakikunja mara mbili, tatu, mpaka hakikunjiki tena.

“Nikampisha,” anasema.

Yaliyofuata yanasemwa na kila mtu kwa namna moja. Mgeni alimpiga nyati bega kwa risasi ya ncha laini, ile ya kongoni, kwa kuwa ndiyo pekee iliyonunuliwa. Risasi ilipasukia kwenye mfupa na nyama ya juu. Nyati akaingia kichakani na hasira zake. Mnyama aliyejeruhiwa haachwi, lazima afuatwe, na anayetangulia ni mfuata nyayo, macho chini, mikono mitupu. Nyuma yake palitakiwa pawe na Babu. Palikuwa na pacha wa Kaka.

“Sikumsikia,” anasema Nyayo, akiwa amelala chali wodini, mguu wa kulia umeshikwa na vyuma kuanzia gotini mpaka kifundoni. “Watu wanasema nyati anakuja kama lori. Mwongo nani huyo? Alikuwa amesimama kimya ananisubiri kama mtu anayenidai.”

Zilipigwa risasi saba kwa jumla.

“Jirani yangu aliniuliza kama mnyama anakufa mara tano,” anasema dada mtu. “Huyu alikufa mara saba. Na alipokuwa anakufa ya nne, alikuwa juu ya mdogo wangu.”

Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa moja, nalo lilikuwa kambi nyingine. Gari lilikuwa moja, nalo ilibidi kwanza lishushe mizigo ya mgeni. Nyayo alifika hospitali baada ya saa tano, mguu umefungwa kwa shati la mwindaji kiongozi. Ameshapasuliwa mara moja. Daktari anasema bila upasuaji wa pili, ambao una tarehe yake mwezi ujao, mguu huo utabaki wa kuegemea tu.

Hata hivyo mdomo wake mzima. Dada yake anapoingia na chupa ya uji, anamwambia nesi, “Huyu ndiye dada yangu mkubwa. Nyati nilimwona mara moja, huyu nimemwona tangu utoto. Mjue nimepona makali mangapi.”

“Kunywa uji, domo wewe,” dada anamjibu, na anageuza uso dirishani.

Sasa kuhusu karatasi.

Siku mbili baada ya ajali, meneja alimtuma fundi mpaka rangi. Michoro yote ikafunikwa kwa rangi nyeupe, ili ukaguzi ukija ukute ukuta safi usiouliza maswali. Mpaka rangi aliomba apake mikono miwili, kwa kuwa mkaa ni mkaidi. Akaambiwa mkono mmoja watosha.

Kufika Jumapili, wanyama walikuwa wamerudi. Wa kwanza alikuwa nyati, pembe zake zikijitokeza kwenye weupe kama doa la maji, kisha swala, kisha tembo na macho yake. Wako pale mpaka leo, wamefifia kidogo tu, wanyama watano juu ya bunduki mbili. Katika mambo yote yaliyobaniwa na meneja huyo, hilo ndilo Mungu aliloligeuza.

Baada ya rangi ndipo ikaja karatasi. Imepigwa chapa vizuri, mistari kumi na miwili. Inasema kwamba siku hiyo bunduki nzito ilikuwapo ghalani, na kwamba mtunza ghala, kwa uzembe wake mwenyewe, alitoa nyepesi. Chini kuna nafasi ya saini.

Masharti yalitajwa kwa mdomo, hayakuandikwa. Akisaini, atahamishiwa udobi, atabaki kwenye vyumba viwili vya kampuni anavyoishi, na upasuaji wa pili wa mdogo wake utagharamiwa. Asiposaini, kazi imekwisha, vyumba avikabidhi mwisho wa mwezi, na mfuata nyayo ajitegemee. Alipewa siku saba.

Kwa siku nne hakulala vizuri. Aliitia karatasi ndani ya kitabu chake cha sala, akaitoa kwa kuona si mahali pake, akaiweka chini ya godoro, akaitoa tena. Jioni ya nne mshona magodoro alimkuta amekaa kibarazani, taa hajawasha.

“Jirani, kuna msiba?”

“Njoo nikujibu swali lako.”

“Lipi tena?”

“La bunduki tano. Uliuliza kama mnyama anakufa mara tano.” Akamtazama. “Mnyama anatakiwa afe mara moja tu. Mara moja, asiteseke, asimrudie mtu. Ndiyo maana bunduki ni tano.”

Mshona magodoro aliingia ndani akamwashia taa. Alikaa naye mpaka adhana na kengele zote za mtaa zikaisha. Kisha akasema ana chumba cha nyuma kilichojaa sufi, na sufi inaweza kuhamia kokote, haina mizigo.

Kesho yake Mama Ghala alimpelekea Nyayo habari yote, mguu mmoja ndani ya wodi na mwingine nje, kama anayeogopa jibu.

“Kwa hiyo mguu wangu ndio bei,” Nyayo akasema.

“Mguu wako ndio bei.”

“Na baadaye akija mgeni mwingine wa nyati?”

“Watasema tatizo lilikuwa mama wa ghalani, na ameshaondolewa.”

“Dada, mimi nimewafuata wanyama miaka ishirini. Sikuwahi kumfuata aliyejeruhiwa nikamwacha njiani kwa sababu nimechoka. Usisaini. Mguu tutaupigania kwa njia nyingine. Wenzangu kumi na mmoja bado wana miguu miwili miwili.”

Hao kumi na mmoja walikutana Jumatano nyuma ya karakana. Hakuna hotuba iliyotolewa. Waliafikiana jambo moja, kwamba hakuna mfuata nyayo atakayeingia kichakani nyuma ya nyati bila kwanza kumwona Babu kwa macho yake, au mwingine wa uzito wake. Mmoja akauliza, “Na wakitufukuza?” Mwenzake akamjibu, “Watafute nani? Meneja ana pua nzuri, atanusa mwenyewe.”

Ukimwuliza Mama Ghala anachotaka, hataji fidia. Anataja ukuta. “Nataka watano warudi, kila mmoja kwenye msumari wake. Nataka risasi ngumu ya nyati ikae mfuko wake na laini ya swala mfuko wake, mifuko ile niliyokuwa nikiishona. Na mlangoni asimame mtu ambaye akisema hapana, inakuwa hapana. Si lazima niwe mimi.” Yeye akifukuzwa, atafufua meza ya baba yake na kuchonga vitako. Patasi zote anazo, hajawahi kuziacha zishike kutu.

Ijumaa, saa nne asubuhi, aliitwa ofisini. Palikuwa na meneja, aliyesimama karibu na mlango kwa kuwa viti viwili amewaachia waliokuja na cha tatu kiliuzwa. Palikuwa na afisa wa wanyamapori, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyekuja kuchukua maelezo. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

“Mama yetu hapa ameshakubali,” meneja alimwambia afisa. “Ni binadamu, amekosea. Tumemsamehe.”

Mama Ghala alivaa miwani yake ya kusomea, iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisoma mistari yote kumi na miwili, kidole kikifuata. Kisha akaigeuza karatasi upande mweupe, akakaa vizuri, akaanza kuandika. Mwandiko wake ni wa polepole, herufi za darasani, zimesimama wima. Chumba kilimsubiri.

Aliandika Shangazi, akaandika na mnyama wake. Binti, na mnyama wake. Kaka. Baba. Babu. Mbele ya kila jina namba ya bunduki, ambazo anazo kichwani, na mbele ya majina manne mwezi alioondoka ghalani, wiki kadhaa kabla ya ile Jumanne. Afisa alikuwa ameshasogeza kiti, anasoma herufi kichwa chini.

Chini kabisa aliandika mstari mmoja zaidi: *Nilijua bunduki haifai. Nilitakiwa kubaki mlangoni. Nilipisha. Hilo ndilo kosa langu.*

Hapo akasaini.

“Mama, hii siyo tuliyokubaliana,” meneja alisema. Sauti ilikuwa imepanda. “Unajua unachokifanya? Unajua mdogo wako anakusubiri?”

Mama Ghala alivua miwani, akaitia mfukoni. Akatoa funguo mbili, wa juu na wa chini, zilizofungwa kwa kipande cha fulana. Hakuziweka upande wa meneja. Aliziweka mbele ya afisa, juu ya karatasi.

“Ukuta wa ghala upo,” alimwambia. “Nenda kauangalie wakati jua linaingia kwa pembeni. Saa hizi hizi.”

Akainuka.

Meneja alikuwa mlangoni, kiganja chake kwenye fremu, kama siku ile. “Mama,” alisema, “hatujamaliza. Mama. Nasema na wewe.”

Alimwendea mpaka wakabakiza hatua moja, akasimama, mikono chini, akamtazama. Afisa alikuwa ameshika funguo. Ukutani saa ilikuwa ikipiga tiki, tiki.

Meneja akapisha.

Naye akatoka.